Asilimia 40 na Nauli ya Mvuvi

MISHI: Hamjambo wapenzi. Jumanne nilikuwa Kwale, kwenye kikao cha kukusanya maoni kuhusu mswada mpya wa biashara ya kaboni, yaani kuuza kiasi cha hewa ukaa ambacho mradi, kama wa kutunza miti, umezuia.

KAZUNGU: Ndiyo maana sauti imekukauka.

MISHI: Nilibishana, kaka. Mzee mmoja, mvuvi, alisimama akauliza: hiyo asilimia 40 ya jamii inahesabiwa kabla ya kutoa gharama za mradi, au baada? Akajibiwa limeshaamuliwa, tusonge mbele.

KAZUNGU: Liliamuliwa na nani?

MISHI: Ndipo nilipoinuka. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yalitiwa saini tarehe 1 Septemba 2023, na tarehe 4 mkutano wa viongozi wa Afrika ukafunguliwa Nairobi. Mradi wa ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Usio wa ardhi, 25. Sasa neno "mapato" hapo ndilo lenye pesa za watu. Nataka lijadiliwe Bungeni, mswada unaposomwa mara ya pili, kila mbunge aseme anaelewa nini, iandikwe kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Siku mzee yule akidhulumiwa, awe na pa kushika.

KAZUNGU: Alifikaje huko, huyo mzee?

MISHI: Kwa matatu, kisha boda.

KAZUNGU: Nauli alitoa nani?

MISHI: Yeye mwenyewe.

KAZUNGU: Na baharini hakwenda siku hiyo. Kwa hiyo amelipa mara mbili kabla hajafungua mdomo.

MISHI: Kweli, lakini turudi kwenye mswada.

KAZUNGU: Dada Mishi, mswada ndio huo! Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Asiye na nauli anashirikishwaje? Wanaofika ni walio karibu na mji na wanaolipiwa na mashirika. Wenye mikoko wako kwao.

MISHI: Wengine hutuma maoni kwa maandishi.

KAZUNGU: Mama anayeuza viazi karai Gazi aandike memoranda? Waende wao wabunge! Pale Gazi watu wa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, waliuza kaboni miaka mingi kabla ya marekebisho haya, wakapata maji na vifaa vya shule. Hao wana la kuwafundisha wabunge. Kamati ya Bunge ikae chini ya mwembe, nauli iwe ya kamati.

MISHI: Na wa Wajir?

KAZUNGU: Nao wafuatwe.

MISHI: Turkana?

KAZUNGU: Nauli ya kamati!

MISHI: (anacheka) Haya, nimekubali kuhusu nauli. Lakini kamati ikizunguka nchi nzima, mswada utachukua muda, na mimi naona ni sawa.

KAZUNGU: Hapo ndipo tunapoachana. Waende, lakini kwa tarehe ya mwisho. Bunge la 10 lilipitisha mswada wa tabianchi, Rais Kibaki akakataa kutia saini 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Sheria ikaja 2016. Miaka ile nani aturudishie?

MISHI: Kibaki alifanya sawa. Sheria isiyopita kwa wenyewe hugeuka kesi.

KAZUNGU: Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikula misimu mitano ya mvua. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote angetaka taasisi za sheria hiyo ziwe zimeshakomaa, zina bajeti, zina watu.

MISHI: Sheria ilikuwapo tayari, Kazungu. Ilikuwa na miaka minne ukame ulipoanza. Unajuaje miaka mitatu zaidi ingemwokolea ng'ombe?

KAZUNGU: Nawe unajuaje kwamba kungoja kuliifanya sheria iwe bora? Ile ya 2016 ilipitia mashauriano yote hayo, na bado ilibidi irekebishwe 2023.

MISHI: Ikarekebishwa mbio mbio, na matokeo ndiyo yale niliyoyaona Kwale.

KAZUNGU: Hilo ni kosa la 2023. Mimi nazungumzia 2013.

MISHI: Kosa ni lile lile.

KAZUNGU: Hapana. Hapana kabisa.

MISHI: Naonyeshwa saa hapa. Na nilikuwa nimeandaa maswali matatu ya kumpelekea mbunge wako.

KAZUNGU: Toa moja basi.

MISHI: Yote yanahitaji maelezo, nisiwaharakishe watu. Tutayaweka wiki ijayo, Mungu akipenda. Mlioko Vanga na Gazi, tutumieni sauti zenu, tutazicheza.

KAZUNGU: Na la Kibaki sijakubali.

MISHI: Wala mimi. Kwaherini.