Homoni ya Dakika Mbili

Mmeniomba nizungumzie sindano za kisukari na unene. Nitaanzia kwenye alanini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na muda ukiniishia hapohapo, shauri yenu.

GLP-1, homoni inayoigwa na sindano hizo, hutoka utumboni baada ya mlo. Kazi yake mnaijua: huchochea insulini na kupunguza hamu ya kula. Balaa ni kwamba katika dakika 2 hivi nusu yake imeshaharibika. Kimeng'enya cha DPP-4 huitafuta alanini iliyo ya pili kwenye mnyororo, hukata baada yake, na histidini, asidi amino ya kwanza, inayokiamsha kipokezi cha homoni kwenye seli, huondoka nayo.

"Si muongeze dozi?" Hapana, bwana! Ukiimwaga kwa mkupuo mgonjwa atatapika, na bado itakwisha upesi vilevile. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2002 liliwafunga wagonjwa pampu ya GLP-1 kwa wiki 6 mfululizo. Sukari ilishuka, lakini nani ataishi na pampu kiunoni?

Kwenye semaglutide, dawa iliyoundwa kwa kuiga GLP-1, alanini ile imeongezewa methili moja. Kaboni 1, hidrojeni 3, basi. Kimeng'enya hakipati tena pa kukata vizuri. Hapo mmezuia mkasi tu, figo bado inachuja. Kwa hiyo lisini ya 26, asidi amino nyingine ya mnyororo huo, inavikwa mkia wa mafuta wa kaboni 18, unaong'ang'ania albumini, protini ya damu, na albumini haipenyi chujio la figo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu huparuka. Lisini ziko mbili, ya 26 na ya 34. Ukiziacha zote, mkia utashika huku, kule, au kote, nawe utabaki unahangaika kutenganisha mchanganyiko. Ndiyo maana ya 34 ikageuzwa aginini, asidi amino nyingine: chaji ileile, ila mkia haushiki. Tena kati ya mkia na lisini kuna kiungio kirefu. Kikiwa kifupi mno, albumini inaweza kuizuia homoni isikifikie kipokezi chake. Liraglutide, dawa iliyoitangulia, ina mkia wa kaboni 16 na alanini yake haikuguswa: nusu hudumu saa 13. Semaglutide, wiki nzima.

Vidonge vya semaglutide, harakaharaka: mg 14 humezwa pamoja na mg 300 za SNAC, kisaidizi cha kuipitisha tumboni, na kinachoingia damuni ni karibu 1%. Maji yasizidi ml 120, kisha subiri dakika 30. Ukivisindikiza na chai ya maziwa na chapati, umetupa pesa.

Sindano ya semaglutide ya mg 0.25 ya wiki 4 za mwanzo ni ya kulizoesha tumbo, haitibu. Tirzepatide, sindano nyingine ya aina hii, naiacha, mwenyekiti ananionyesha saa. Na kalamu ya sindano ikiganda kwenye friza, itupe, hata kama imeyeyuka.