Roboti ya Kupigana Hushindia Magurudumu

Habari za mchana, ndugu zangu. Najua wengi mmekuja kuona silaha. Nitaifikia, ila kwanza tuangalie kinachoamua mapambano mengi: roboti iliyoacha kutembea. Pambano kwa kawaida ni dakika 2 au 3, na ukikaa sekunde 10 bila kusogea, umeshindwa. Waya mmoja ukichomoka, silaha uliyoitolea fedha nyingi inabaki pambo.

Mchezo huu wa roboti kupigana ulianza kujulikana San Francisco mwaka 1994, kwenye mashindano aliyoyaanzisha Marc Thorpe. Leo mashine kubwa za Marekani zinafika kilo 113. Sisi tuanze na daraja la uzito la gramu 1,360. Inabebeka kwenye daladala, na vifaa vyake havimfilisi mtu.

Kabla ya kukata chochote, gawa uzito kwenye karatasi. Mota mbili za kutembea pamoja na magurudumu, gramu 300. Silaha na mota yake, 400. Bodi, yaani mwili wa roboti, na ngao, 400. Betri 130, vidhibiti mwendo vya mota na kipokezi cha rimoti 80. Zinabaki gramu 50, na hizo ni za skrubu, waya na risasi ya kulehemu. Watu husahau skrubu, halafu usiku wa kuamkia shindano wanatoboa ngao matundu ili uzito ushuke.

Bodi tafuteni Kariakoo kwenye maduka ya vyombo: ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama. Kipande cha milimita 200 kwa 150, unene 10, kina gramu 285 hivi. Alumini ya kipimo hichohicho inapita gramu 800. Plastiki ile ikipigwa inabonyea na kurudi. Msitumie plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, inapasuka kwa pigo la kwanza.

Sasa magurudumu. Mota iwe na giaboksi, yaani gia zinazopunguza kasi na kuongeza nguvu. Mota tupu ya printa chakavu inazunguka kwa kasi lakini haina nguvu ya kusukuma. Gurudumu la milimita 60 likizunguka mara 1,000 kwa dakika linakupa mita 3 kwa sekunde, na kasi hiyo inatosha kabisa. Gurudumu likae karibu na giaboksi, kwa sababu ekseli ikitokeza sana inapinda. Bodi ikiwa na kimo cha milimita 45, gurudumu la 60 linatokeza juu na chini, hivyo roboti ikipinduliwa inaendelea kutembea. Kwa anayeanza, hiyo ni kinga kubwa kuliko ngao yoyote. Na kabla ya kuingia kizimbani, yaani uwanja uliozungushiwa wa kupigania, futeni matairi kwa kitambaa chenye maji. Vumbi linaua mshiko.

Silaha. Hapa nasema silaha ya kuzunguka, chuma chenye jino kinachompiga mpinzani. Nishati ya pigo huongezeka mara nne kasi ya mzunguko ikiongezeka mara mbili, kwa hiyo kila mtu anakimbilia kasi. Lakini hesabuni hivi: mnasogeleana kwa mita 2 kwa sekunde, silaha inazunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Ikiwa na jino moja, kabla halijazunguka na kurudi mnakuwa mmesogeleana milimita 20, hivyo linaweza kuingia hadi milimita 20 ndani ya mpinzani. Ikiwa na meno mawili, 10. Ongeza kasi ifike 12,000 kwa meno hayo mawili, zinabaki 5, na hapo silaha inaanza kukwaruza badala ya kuuma. Jino moja, na upande wa pili uzito wa kusawazisha, ndiyo chaguo langu.

Chuma cha jino: springi ya gari, ile bapa, kutoka kwa wauza chuma chakavu. Mafundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar watakukatia. Waambie wasikate kwa gesi. Wakate kwa grenda kidogo kidogo huku wakikipoza. Kikiwa chekundu kisha kikapoa polepole, kinalainika. Kikimwagiwa maji kikiwa chekundu, kinakuwa kigumu mno na kukatika pambanoni. Kisha, ili kukisawazisha, kivishe kwenye ekseli yake kiachie. Upande unaoshuka kila mara ndio mzito. Usage mpaka kitulie popote.

Waya uache ukiwa umelegea kidogo, na nati zote ziwe za kujifunga zenye nailoni ndani, maana mtikisiko unafungua zile za kawaida.

Betri ya lithiamu ya seli tatu ijazwe mpaka volti 12.6, isishuke chini ya volti 3.3 kwa kila seli, na ikikaa bila kazi betri nzima ibaki volti 11.4. Kwa wastani wa ampea 15, dakika 3 zinakula mAh (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) 750, basi chukua ya 1,000 na uichaji kwa ampea 1. Usiiache ndani ya gari juani hapa Dar, wala usilale ikiwa kwenye chaja. Ikivimba, haiingii tena kwenye roboti: iweke nje kwenye ndoo ya mchanga, usiitoboe.

Silaha haiwashwi nje ya kizimba. Jaribio la kwanza, silaha ikiwa bado haijavishwa: inua roboti magurudumu yawe hewani, zungusha mota, kisha zima rimoti. Kila mota isimame yenyewe. Isiposimama, hakuna pambano.

Aliyeleta yake aiweke mezani, silaha ikiwa imefungwa kwa bolti, tuanze kupima uzito.