Chumvi Ndani ya Kava: Kutunza Nyaya za Breki za Baiskeli Pwani ya Kusini

Mhadhara kwa mafundi na waendesha baiskeli, Mikindani, Mtwara

Wakubwa shikamooni. Ndugu zangu mafundi, na nyinyi mnaobeba samaki na korosho, karibuni tukae.

Hapa mezani kuna nyaya mbili za breki, kila moja ndani ya kava lake. Moja mpya, nyingine imetolewa kwenye baiskeli ya kubebea samaki. Kwa nje huwezi kuzitofautisha: plastiki nyeusi, haijapasuka, haijachubuka. Shika ncha ya huu wa pili uvute. Hauendi. Ugonjwa umo ndani, na ndiyo maana baiskeli nyingi zenye breki nzito hukazwa nati tu zikarudishwa barabarani. Ukikaza nati, mipira ya breki inasogea karibu na rimu na mwenye baiskeli anaona nafuu, lakini msuguano uliokuwemo ndani ya kava umebaki palepale. Leo tuushughulikie huo msuguano.

Waya unaoteleza ndani ya kava lisilofupika ulipata hataza Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, na umbo lake halijabadilika sana. Waya wa ndani wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6, umesokotwa kwa nyuzi ambazo mara nyingi ni 19. Kava ni bati bapa lililozungushwa kama springi na kuvikwa plastiki, unene wake kama milimita 5. Makava mazuri yana pia mrija mwembamba wa plastiki kwa ndani. Ya bei ya chini hayana, waya unasugua chuma kwa chuma. Waya wa gia ni mwembamba zaidi, milimita 1.1 au 1.2, na kava la kisasa la gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu. Kava hilo lisiwekwe kwenye breki hata kama ndilo pekee lililobaki dukani. Ukibana breki kwa nguvu zile nyuzi hutawanyika, plastiki hupasuka, na breki inapotea mara moja. Fikirieni mteremko wa Newala kuelekea Ruvuma, gunia la korosho nyuma.

Kwenye nchi za theluji, fundi huhangaika na maji yaliyoganda ndani ya kava, na grisi iliyogeuka nzito kama nta. Kwetu, Julai kule juu Newala kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta, lakini waya hauoni barafu. Huku adui ni chumvi, na tabia yake inahitaji kueleweka vizuri.

Chumvi safi ya jikoni huanza kunywa maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75. Pwani hii, usiku na alfajiri, mara nyingi tunapita hapo. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi kwa sababu ina magnesi kloridi, ambayo hunywa maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi wanalijua hili: gunia likiachwa wazi, chini yake panalowa bila mvua kunyesha. Sasa hilo ndilo linalotokea ndani ya kava. Maji ya bahari yakiingia mara moja, unaweza kuianika baiskeli juani wiki nzima na ukadhani imekauka. Maji yamekwenda, chumvi imebaki, na usiku ukiingia inajivutia maji mengine. Kwa hiyo kukausha peke yake si dawa. Kwanza chumvi itolewe kwa maji yasiyo na chumvi, ndipo ukaushe. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvichumvi, tumieni ya bomba au ya mvua.

Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na nafasi kati ya waya na kava ni ndogo sana. Ndiyo sababu waya hukwama kabla haujakatika.

Lakini haukwami popote. Unakwama kwenye mikunjo na kwenye midomo ya kava. Waya unaopita kwenye mkunjo unagandamiza ukuta, na hasara inaongezeka kwa kuzidishana, si kwa kujumlishana. Tuseme waya wa breki ya nyuma una mikunjo ambayo ukiijumlisha inafika nyuzi 180 za pembe, yaani nusu duara. Waya safi, wenye kipimo cha msuguano cha 0.15: ukivuta kilo 10 mkononi, kwenye breki zinafika kilo 6 na kidogo. Waya wenye kutu, msuguano ukipanda maradufu kuwa 0.3: zinafika karibu kilo 4. Mkono ni uleule, kidole ni kilekile. Na ukikunja kava zaidi ya inavyotakiwa, unapoteza hata kwenye waya mpya. Kwangu mimi njia ya kava ni muhimu kuliko bei ya kava. Mkunjo wowote usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, na usukani ugeuke mpaka mwisho kulia na kushoto bila kava kuvutwa.

Dalili ya kwanza ya waya unaokwama watu wengi hawaijali. Breki bado inakamata, ila haiachii vizuri. Sababu ni nyepesi: kukamata kunafanywa na mkono wako wenye nguvu, kuachia kunafanywa na springi dhaifu. Msuguano unaishinda springi kwanza. Ukiona mipira inabaki imegusa rimu baada ya kuachia, usikunje springi iwe kali. Legeza nati inayobania waya kwenye breki, mara nyingi ni ya spana namba 10, kisha ushike waya kwa ncha zote mbili na kuuvuta huku na huku. Ukiteleza bila kukwaruza, ugonjwa uko kwenye pini ya mikono ya breki inayobeba mipira, na matone mawili ya mafuta pale yanatosha. Ukikwaruza, ni kava.

Sasa usafishaji. Chomoa waya wote. Pitisha kitambaa chakavu kikavu kwa urefu wake. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Uzi mmoja tu ukikatika waya huo ni wa kutupa, hasa ikiwa ni karibu na kichwa chake ndani ya mkono wa breki, ule wa kwenye usukani, kwa sababu ndipo unapojikunja kila unapokamata. Uzi wa pili hufuata haraka, na wa tatu.

Kava liondoe kwenye fremu. Chukua bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano yenyewe, ulibane kwenye mdomo wa kava na kusukuma maji safi mpaka yatoke meupe upande wa pili. Kava chafu linaweza kuhitaji kujazwa mara sita au zaidi. Lining'inize wima juani kwa nusu siku. Wima, nasema, maana likilazwa maji yanatuama kwenye mkunjo. Kisha pitisha mililita 5 za mafuta ya taa kusukuma unyevu uliobaki na kulainisha uchafu, uache yachuruzike saa nzima. Fanya kazi hii mbali na magurudumu. Mafuta yakigusa rimu au mipira ya breki, breki hazikamati. Hapo osha rimu kwa maji moto na sabuni na upige msasa uso wa mipira.

Baada ya hapo ndipo unapaka mafuta, na hapa makosa ni mengi. Mafuta ya kupikia yanateleza siku mbili tatu, halafu yanashikana na hewa na kuwa gundi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina unga wa chuma, unapaka msasa. Grisi nzito ya beringi, kwenye vumbi jekundu la Tandahimba na Newala, inageuka udongo. Mafuta ya cherehani ndiyo yanafaa: mepesi, yanapatikana kila soko, na matone 6 hadi 8 kwa kava la nyuma yanatosha. Kava lenye mrija wa plastiki linahitaji machache zaidi. Paka waya wenyewe tone moja moja ukiupitisha kati ya vidole, kisha ufute. Grisi weka sehemu moja tu, kwenye kichwa cha waya ndani ya mkono wa breki, kiasi cha punje ya mchele.

Ukibadilisha kava, likate kwa koleo kali, halafu angalia mdomo. Bati likiwa limejikunja kuelekea ndani litakuwa linakata waya kila siku. Piga tupa mpaka uso uwe bapa, panua mrija wa ndani kwa spoku iliyochongwa, kisha vika kofia ya kava. Waya nao, kabla ya kuukata, utie tone la gundi ya haraka pale utakapokata, usubiri ikauke, ndipo ukate. Acha mkia wa sentimita 4 hadi 5 na uvike kikofia. Kabla ya kubana nati, skrubu ya kurekebishia uifunge yote kisha uirudishe mizunguko miwili, ili ubaki na nafasi pande zote mbili. Mipira ikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu. Bana, kisha kamata breki kwa nguvu zako zote mara 15. Kava litakaa sawa na waya utaonekana umelegea, rekebisha tena. Ukiruka hatua hii mteja atarudi kesho.

Kuna swali limetoka pale nyuma: waya wa chuma kisichoshika kutu unatambuliwaje dukani, sumaku inafaa? Sumaku inadanganya. Chuma hicho kikivutwa kuwa waya mwembamba mara nyingi huanza kunasa sumaku kidogo, kwa hiyo kunasa si ushahidi kwamba ni bandia. Kata kipande cha kidole kimoja, kiloweke kwenye maji ya chumvi kwa siku tatu hivi, ukitoe na kukirudisha. Wa kawaida uliopakwa zinki utaona rangi ya kahawia ikianzia pale ulipokata. Ukipata wa kweli, nunua, hata bei ikiwa juu. Kwa mtu wa pwani unajilipa. Lakini kava lake bado ni bati, na kava bado linaoshwa.

Muda gani? Anayebeba samaki aoshe na kupaka mafuta kila wiki mbili. Wengine, mara moja kwa mwezi inatosha. Kubadilisha waya, mwezi mzuri ni Septemba, kabla mizigo ya korosho haijaanza na kabla mvua za Desemba hazijafika.

Na nyinyi wa samaki, tazameni tenga lenu linapodondoshea maji. Mara nyingi ni juu ya kava la breki ya nyuma, kwenye mdomo unaotazama juu. Chukueni kipande cha tyubu chakavu cha sentimita 6, mkivike kwenye ule mdomo wa juu kabla ya kupitisha waya, mkifunge kwa uzi upande wa juu kiwe kama mwavuli. Mdomo wa chini msiufunge. Maji yatakayopenya yanahitaji mahali pa kutokea.