Ya baridi au ya moto? Namna ya kuonja laga yenye hopsi nyingi

Habari za jioni, ndugu watazamaji. Niko Mbeya, ule nyuma yangu ni mlima Loleza, ni Juni na baridi imeshika kweli. Baa yoyote ukiingia, dada anayehudumia atakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Kwa bia niliyoshika leo, laga ya kiwanda kidogo iliyotiwa kwa wingi hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, jibu liko katikati. Ikiwa ya barafu, ulimi unakufa ganzi na harufu haitoki. Ikiwa ya moto, uchungu unakaba. Tunaitaka kwenye nyuzi 6 hadi 8. Kama imelala kwenye friji, itoe, iweke mezani na uipe robo saa.

Wakati unasubiri, osha glasi. Tafadhali, leo tusipige tarumbeta: mdomo wa chupa ni mdogo, pua haipati kitu. Suuza mpaka sabuni yote iishe, kisha iache ijikaushe yenyewe. Kitambaa cha jikoni kina mafuta, na mafuta yanaua povu.

Sasa angalia chupa. Soma tarehe, maana harufu ya hopsi hufifia kadiri miezi inavyopita. Halafu angalia rangi ya kioo. Kahawia ndiyo inayokinga mwanga vizuri. Mimi niliwahi kuacha chupa ya kijani dirishani, ikapigwa na jua la asubuhi. Nilipoifungua ilinuka kicheche. Mwanga ulikuwa umevunja vile vitu vya uchungu vinavyotoka kwenye hopsi, na bia ikishafikia hapo hairudi. Iliniuma, kwa sababu aliyeipika hakukosea chochote.

Mimina. Inamisha glasi hivi, bia iteremke ukutani, ikifika nusu isimamishe. Nenda taratibu: huku juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo na povu huja haraka. Vidole viwili vya povu vinatosha.

Usinywe bado! Hapa kwenye harufu ndipo penye utamu wa kazi yote. Nimeandaa visahani vitatu kutoka soko la Mwanjelwa: ganda la chungwa, pashoni iliyokatwa na jani la mchaichai lililofikichwa. Nusa kimoja, kisha nusa glasi kwa pumzi fupi fupi. Nusa kingine, rudi kwenye glasi. Utashangaa jinsi pua inavyoanza kutambua. Hii yangu ina ganda la chungwa waziwazi, na nyuma yake kuna majani mabichi.

Hakuna tunda lililotiwa humu. Hopsi ni ua la mmea unaotambaa, na ndani yake mna unga wa manjano unaonata. Ua likichemshwa muda mrefu linatoa uchungu. Likitiwa mwishoni, au likilowekwa kwenye bia iliyokwisha kupoa, linaacha harufu. Mmea wenyewe unataka siku ndefu za kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, na sisi mwaka mzima mchana wetu hauendi mbali na saa 12, ndiyo maana huuoni mashambani Uyole wala Rungwe.

Ukikuta harufu ya siagi, ya boksi lililolowa au ya mahindi ya kuchemsha, bia ina kasoro.

Haya, piga funda moja. Lizungushe mdomoni, meza, halafu toa pumzi kupitia puani. Kwanza unapata kimea, utamu mdogo kama ganda la mkate. Kisha uchungu unapanda nyuma ya ulimi. Wengi hukunja uso hapa wakadhani bia imeharibika. Upe nafasi. Kama umekua unakula mnafu, uchungu huu unaujua: unakuja, unasafisha mdomo, unaondoka. Laga nzuri haiachi uzito kooni, kwa sababu hamira yake imefanya kazi kwenye baridi na bia ikapumzishwa wiki kadhaa.

Kunywa maji, tafuna mkate mkavu, rudia. Nyama choma na pilipili visubiri. Na kama una gari la kushusha mteremko wa Iwambi usiku huu, bia isubiri pia.

Acha nusu glasi kwa dakika kumi, inuse tena. Yangu sasa imefunguka, pashoni imejitokeza. Sogeza kamera hapa: unaona hii mistari myeupe ya povu ukutani? Kila funda limeacha wake.