Usiidanganye Kompyuta: Mazungumzo na Wenye Magari ya Turbo, Tabora

Mwangaluka. Walioko nje ingieni, viti bado vipo. Na wewe uliyeacha Forester inaunguruma hapo chini ya mwembe, kazime. Turbo imeshapoa zamani, sasa unachoma mafuta ya bure.

Nimeombwa niseme ni kompyuta gani ya injini ununue ukishaliongezea nguvu gari la turbo. Swali hili naletewa kila wiki, mtu anafungua simu ananionyesha picha mbili: "Fundi, hii na hii, ipi kali?" Namuuliza, nani ataiseti? Kimya. Basi mazungumzo yetu huwa yanaishia hapo, na leo ningeweza kuishia hapo pia tukaenda kunywa chai. Lakini mmekuja wengi, na kuna kisa ambacho wengine mmeshakisikia. Mtakisikia tena.

Kijana mmoja alinunua Subaru Impreza ya turbo Dar es Salaam. Gari lilishaguswa: nozeli kubwa za kumwaga mafuta, karibu mara mbili ya zile za kiwandani, bomba la moshi pana, na chini ya dashibodi kimefungwa kile kiboksi tunachokiita pigibeki, kinachopanda mgongoni mwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya kiwandani. Huko pwani lilikuwa linakimbia. Akapandisha Dodoma, Manyoni, Itigi, akafika hapa. Siku ya tatu analalamika: gari limekuwa zito.

Halikuwa na ugonjwa. Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Dar hewa inakukandamiza kwa kilopaskali 101, hapa ni kama 88. Busti, yaani msukumo wa hewa wa turbo, ukiisoma baa 0.8 kwenye geji (baa moja ni kilopaskali 100), inahesabiwa kuanzia hewa ya mahali ulipo. Dar ukijumlisha unapata 1.8, hapa 1.68. Injini imepunguziwa chakula, lazima uone uzito. Ukishuka Kigoma ziwani, kwenye mita 770 na kitu, unarudishiwa nusu kijiko. Ndiyo dunia ilivyo, haihitaji fundi.

Yeye akatafuta fundi. Siyo mimi. Huyo fundi akaizungusha koki ya busti mizunguko miwili, geji ikapanda, kijana akafurahi. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, jua lile mnalolijua, akalipeleka barabara ya Sikonge kulipima. Lilirudi limefungwa kamba nyuma ya Fuso.

Nilifungua plagi ya silinda ya nne nikaiweka kiganjani. Kwenye ule udongo mweupe kulikuwa na vidoa vidogo vinavyong'aa, kama mtu amenyunyizia unga wa fedha. Ile ni aluminiamu. Ni pistoni yenyewe imeyeyuka kidogo kidogo ikarukia kwenye plagi. Tulipopasua injini, ule ukingo unaoshika ringi ulikuwa umekatika kipande kama ukucha.

Sasa mtasema, "Si umeshasema, ni koki." Hapana. Koki ilimalizia tu.

Tazameni kile kiboksi. Ukifunga nozeli kubwa, kontroli boksi ya kiwandani haijui. Inafungua kwa muda uleule, mafuta yanamwagika mara mbili. Pigibeki inatibu vipi? Inaikamata ishara ya sensa ya hewa njiani na kuipunguza. Inaiambia kompyuta: hewa iliyoingia ni nusu. Kompyuta inapunguza mafuta, mchanganyiko unakaa sawa, gari linanguruma vizuri pale kwenye taa, kila mtu anapiga makofi. Lakini kompyuta haitumii hesabu ya hewa kwa mafuta peke yake. Inaitumia na kwa taimingi ya cheche, yaani ni wakati gani plagi iwashe moto! Imeambiwa injini imebeba mzigo mwepesi, basi inakwenda kwenye jedwali, kwenye vijumba vya mzigo mwepesi, na kule cheche inapigwa mapema. Palipotakiwa nyuzi 15 za mzunguko kabla pistoni haijafika juu, mathalani, inapiga 30. Turbo imejaza silinda, pistoni bado inapanda, moto umeshawashwa. Ongeza joto la mwezi wa kumi. Ongeza turbo inayozungushwa kwa nguvu zaidi kwa sababu hewa ya hapa ni nyepesi, na turbo ikizidi kuzunguka inatoa hewa ya moto zaidi. Ongeza petroli yetu: magari haya mengi yalisetiwa Japani kwa petroli inayouzwa kule kama oktani 100 (oktani ni uvumilivu wa petroli kutolipuka yenyewe), na yetu haifiki hapo. Ndipo yule mwenzetu anakuja na koki yake.

Hapa niseme jambo la lugha, maana linaua injini. Sisi tukisema gari limenoki tunamaanisha mabering yamekwisha, injini inagonga, imekufa. Wenye ramani, yaani wanaoandika yale majedwali ya kompyuta, wakisema noki wanamaanisha kitu kingine: mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda, nje ya zamu yake. Hiyo haigongi kwa sauti ya nyundo. Ni mlio mwembamba, kama kokoto kwenye kopo, na ukiwa umefungua muziki huusikii kabisa. Mteja anaambiwa kwa simu "gari lako linanoki", anajibu "aah, mbona linatembea?" Linatembea, ndiyo. Linatembea kuelekea kwa fundi wa kupasua.

Kwa hiyo pigibeki ya kupunguza ishara ya hewa, mimi siifungi. Wapo watakaosema zipo pigibeki zinazorekebisha na taimingi. Zipo, na zikisetiwa na mtu anayejua zinafanya kazi. Lakini ukishampata mtu anayejua kiasi hicho, mwache akusetie kompyuta ya kweli.

Ya kweli ziko njia mbili. Kwanza, kuflashi ileile ya kiwandani, kama mnavyoflashi simu. Subaru nyingi za miaka ya 2000 zinakubali: waya mmoja, laptop, jedwali lenyewe linaandikwa upya, ukubwa wa nozeli unaandikwa ulivyo, hakuna kumdanganya mtu. AC inabaki, ufunguo unabaki, gari linawaka asubuhi kama kawaida. Wengi wenu humu hamhitaji zaidi ya hapo, ila hamtaki kusikia kwa sababu haina boksi la kuonyesha marafiki.

Pili, kompyuta inayojitegemea: Link, Haltech, MoTeC na wenzao. Wewe mwenye Toyota Chaser ya injini ya 1JZ ya miaka ya tisini, ya kwako haiflashiki, huku ndiko kwako. Ila kama gari ni otomatiki, simama kwanza. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule kompyuta ya injini ndiyo hiyohiyo inayobadilisha gia. Ukiing'oa, gia nazo zinakuaga. Uliza kabla ya kulipa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema kuhusu wayaringi, kuhusu chujio za hewa za kupakwa oili na vumbi letu, na zile sensa bandia. Tutakutana siku nyingine.

Lakini hili siliruki. Kabla ya kompyuta yoyote, nunua kipimo cha mchanganyiko cha waidibendi, kinachokusomea namba yenyewe ya hewa kwa mafuta. Sensa ya oksijeni iliyopo kwenye magari mengi ya zamani inajua ndiyo na hapana tu: mafuta yamezidi au yamepungua kuliko hewa 14.7 kwa petroli 1. Kwenye busti wewe unataka 11.5, labda 12, na pale sensa ile inakuambia tu "yamezidi", iwe 13 iwe 10. Na mwenye kuseti si lazima akae Tabora. Unaendesha, laptop inarekodi, unamtumia faili popote alipo, anarudisha ramani, unaendesha tena. Ila urekodi hapa, kwenye hewa hii na petroli hii. Ramani ya Dar ibaki Dar.

Swali? ... Hapana, kijana, sijui bei ya wiki hii, na ukiniuliza ipi kali nakutoa nje. Mwenye Forester yuko wapi? Baba, nenda kaiwashe sasa, ipate moto, ufungue boneti. Zimeni simu na hiyo spika, tuje tuisikilize.