Siri Chini ya Ziwa: Namna ya Kutunga Riwaya ya Kusisimua ya Tanganyika

(Mhadhara kwa waandishi chipukizi, Kigoma)

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa nyuma, sogeeni, spika ni moja tu.

Mada ni riwaya ya majini: siri ya kale, mhalifu wa leo. Nianze na dhahabu, maana ndiko wengi wanakoharibikia. Kila anayekaa kuandika juu ya ziwa hili huificha dhahabu ya Wajerumani ndani ya meli ya Liemba. Haikai. Tazameni meli yenyewe ilivyoishi. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa huku kwenye reli. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipozidiwa, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Sasa niambieni: mchanga wote ule ulipochotwa, nani angelipita sanduku la dhahabu asilione?

Lakini meli hiyohiyo ina kitu kizuri zaidi ya dhahabu. Ilikuwa na mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia delta ya Rufiji. Kabla meli haijazamishwa, mzinga uling'olewa ukapelekwa vita vya nchi kavu, na mahali pake pakasimikwa wa bandia, wa mbao. Adui akishika darubini anaona mzinga. Siri ya namna hiyo ndiyo mnayoitafuta, iliyo wazi machoni pa kila mtu na kila mtu akaisoma vibaya.

Kwa mambo ya kale zaidi, waacheni mafarao. Shukeni kusini hadi Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri wa takriban miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea. Nani aliyachonga, na alikuwa anajenga nini? Hilo swali peke yake linabeba riwaya nzima.

Yalidumu kwa sababu yalizama kwenye udongo uliolowa, hewa haipenyi, na vijidudu vinavyoozesha mbao havikupata nafasi. Hapa kaeni nami kidogo, maana ndipo penye utamu. Mhalifu wenu akiiba kipande cha mbao ya namna hiyo hawezi kukiviringisha kwenye turubai akakitupa nyuma ya gari. Mbao iliyokaa ndani ya maji muda mrefu imebaki ganda, maji ndiyo yanayoshikilia kuta zake. Ikikauka inasinyaa, inajikunja, inapasuka, na hairudi tena hata uilowanishe mwezi mzima. Inatakiwa ikae majini mpaka ifike maabara, na huko maji yake hubadilishwa polepole kwa nta maalumu inayoyeyuka majini, kazi ya miezi, pengine miaka.

Basi mhalifu anahitaji tangi. Tuseme amepanga nyumba hapa Kigoma, Mwanga au Katubuka, tangi la lita 1,000 liko chumbani. Siku moja mkokoteni unaingiza madumu 50 ya lita 20. Baada ya wiki mbili, 50 mengine, kwa kuwa maji yaliyotuama yanaota ukungu na lazima yamwagwe. Mama jirani hajui Kalambo wala mbao ya kale. Anajua tu kwamba nyumba isiyotoa moshi wa jikoni wala kuanika nguo haiwezi kumaliza madumu 50. Mpeni huyo mama ufunguo wa hadithi, msimpe inspekta.

Tuje kwenye kuzamia. Hapa mnaua mashujaa bila kukusudia. Kina kikubwa cha ziwa kinakaribia mita 1,470, huko hafiki mtu na mtungi mgongoni. Mzamiaji wa kawaida anaishia mita 40, na kuanzia 30 hivi naitrojeni iliyo kwenye hewa ya mtungi humlevya, anajiona shujaa, anasahau kutazama geji. Akipanda asizidi mita 9 kwa dakika, na akibakiza mita 5 asimame dakika 3. Akikurupuka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inachemka viputo kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa: mabega na viwiko vinauma, miguu inakufa ganzi. Tena majedwali ya kawaida ya uzamiaji, yale yanayosema ukae kina gani kwa muda gani, yamepimwa kwa usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu yake, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jedwali la Dar es Salaam lisiporekebishwa litamdanganya mtu hapa.

Mhalifu anayeyajua haya hahitaji bastola. Anamngoja shujaa atoke majini, anamkaribisha kwenye gari lenye kiyoyozi, wanapanda milima ya Manyovu. Mamia ya mita juu ya ziwa, viputo vinavimba. Shujaa anaanza kusugua bega, dereva anampa pole. Wazamiaji hushauriwa kukaa saa 12 hadi 18, au zaidi, kabla ya kupanda ndege, na mlima mrefu ni ndege ya asiye na nauli.

Boti nitaigusa kwa kifupi. Kuvuka kwenda Kongo ni kama kilomita 50. Injini ya viharusi viwili huchanganyiwa oili ndani ya petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Petroli tupu haizuii injini kuwaka. Itawaka vizuri tu, itakwenda, halafu pistoni itakwama katikati ya ziwa. Mliokulia mwaloni mnajua kwamba mafuta yaliyochanganywa hushika rangi ya oili. Basi mwonesheni msomaji rangi ya dumu mapema, msimweleze maana yake. Na ikiwa ni kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki unakuja na mawimbi mafupi yenye kimo, boti isiyo na injini inageuka ubavu.

Usiku nao una hesabu yake. Usiku wa giza ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, na kila taa ni shahidi. Mbalamwezi ikiwa kamili dagaa hawafuati taa, wavuvi wanabaki nyumbani, lakini boti ya magendo inaonekana toka mbali. Mwacheni mhalifu achague, na kila atakachochagua kimgharimu.

Mwisho, makaratasi. Wanunuzi wa vitu vya kale huuliza kama kitu kilitoka nchini kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, kwa hiyo mhalifu wenu atataka barua ya ruhusa ya zamani, na ataighushi vizuri: karatasi ya manjano, mashine ya chapa, muhuri uliofifia. Tarehe aandike Juni 1964, na juu kabisa, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Jina hilo lilianza Oktoba 1964. Mwezi Juni nchi ilikuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Iwekeni barua hiyo yote, neno kwa neno, kwenye sura ya pili, kisha msiitaje tena mpaka mhalifu mwenyewe aitoe mfukoni kujitetea.