Paka Anayekula Nyama Mbichi: Mpimie Mifupa Hivi

Karibuni watazamaji. Leo nipo jikoni hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mezani nina shingo za kuku wa kisasa, mioyo ya kuku, maini, figo za mbuzi na minofu. Tunaandaa kilo moja ya chakula cha paka mkubwa mwenye afya.

Kwanza tuelewane: steki tupu haimtoshi paka. Mnofu una fosforasi zaidi ya mara 10 ya kalsiamu yake. Paka akila mnofu peke yake, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Watoto wa paka huumia mapema. Mguu unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Inasikitisha, maana aliyemlisha alidhani anamfanyia mema. Kwa hiyo tunalenga mfupa asilimia 5 hadi 10 ya chakula chote.

Weka shingo kwenye mizani. Sogeza macho hapa nilipokata: pingili ndogo, uti mweupe katikati, nyama kidogo, ngozi nene. Shingo yenye ngozi ina mfupa kama asilimia 36. Ukiichuna ngozi inapanda hadi karibu asilimia 75, kwa kuwa mfupa ni uleule na uzito umepungua. Wengi hukosea hapa: wanapima gramu 100 za shingo wakihesabu gramu 100 za mfupa.

Mimi napima gramu 200 za shingo na ngozi yake, napata mfupa kama gramu 72. Ongeza minofu gramu 600, mioyo gramu 100, maini gramu 50, figo gramu 50. Mfupa umeangukia asilimia 7. Mioyo usiiache, ina taurini ambayo paka hawezi kuishi vizuri bila hiyo. Maini usizidishe, vitamini A ikijaa mwilini inadhuru.

Saga shingo kwenye mashine, zikiwa mbichi. Mfupa uliochemshwa au kukaangwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo, kwa hiyo mabaki ya kuku wa mchuzi asipewe kabisa. Huna mashine? Acha shingo, ongeza minofu mahali pake, kisha tia unga laini wa maganda ya mayai, kijiko kimoja cha chai kwa kilo.

Dagaa wa Kibirizi wanafaa mara mojamoja, wasio na chumvi, ila wachemshe. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza. Mifupa yao ni laini, haina shida.

Paka wa kilo 4 hula kama gramu 120 kwa siku. Kinachobaki sahanini baada ya nusu saa, tupa. Joto letu linazalisha bakteria haraka. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni.

Wanaofuga feret, yule mnyama wa ukoo wa kicheche, hulenga asilimia 10 hadi 15, na humlisha mara nyingi kwa siku kwa sababu utumbo wake ni mfupi.

Kesho yake angalia kinyesi. Kikiwa cheupe, kikavu, kinavunjika kama chaki, au paka anajikakamua, punguza shingo. Kikiwa laini mno na cheusi, ongeza kidogo. Asipopata choo siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo.